Majani Yaliyopauka Sebuleni

Mume wa fundi cherehani alipostaafu udereva wa malori, walihamia ghorofa ya tatu isiyo na ua. Fundi akaweka cherehani yake sebuleni karibu na dirisha, na kando yake akapanga vyungu vya pilipili, nyanya na mnanaa. Udongo alichanganyiwa na wifi yake, dada wa mume, aliyeishi kwa kuuza miche: mboji, majani makavu na nyungunyungu wa kutosha. Huo ni udongo hai, alieleza wifi. Hautaki mbolea ya dukani, viumbe waliomo ndio wapishi. Mimea ikastawi. Mume alikuwa amepoa siku hizo, akianza neno na kuliacha njiani, lakini mbele ya vyungu alichangamka, akiviamkia alfajiri fundi akiwa bado usingizini.

Kisha majani yakaanza kupauka. Ya chini yaligeuka manjano, halafu machipukizi yakatoka meupe-meupe, mishipa tu ndiyo ya kijani. Fundi akasogeza vyungu kwenye mwanga, akavirudisha. Akadhani udongo umepungukiwa na chuma, akaongeza mboji. Akapekua kila jani kwa nyuma akitafuta wadudu. Hali ikazidi kuwa mbaya. Wateja walikuta sketi hazijapindwa, na yeye amepiga magoti mbele ya mnyanya kama mwenye mgonjwa mahututi. Mume alimtania kwamba yeye mwenyewe akiugua hatapata uuguzi wa namna ile. Fundi alicheka, huku moyoni tumaini limemwisha. Mimea ikifa, mume wake angeamkia nini?

Akamwita wifi. Wifi hakuyatazama majani sana. Alitia kidole kwenye udongo, akakitoa kinanuka yai viza. Nyungunyungu walikuwa wamekufa, wamevimba.

"Wifi, umeuzamisha udongo. Mizizi haipumui, chakula kitapandaje?"

Fundi alijitetea kwamba yeye humwagilia udongo ukikauka hadi ndani, na wiki ile hakugusa hata kikombe cha maji. Wifi akaguna. Maneno yalikuwa yameanza kuchacha mume alipoingia na jagi. Akamsalimia dada yake, akamwagilia vyungu vyote kwa upole, akatoka. Chai haijamiminwa, akarudi, jagi limejaa.

"Mmekaa mnapiga soga na mimea ina kiu? Leo haijaonja maji kabisa."

Akamwagilia tena. Maji yakafurika visahani, yakachuruzika hadi kwenye kitambaa cha mteja kilichokuwa sakafuni. Hakuna aliyekiokota.

Alipotoka, wifi alisema taratibu, "Kaka yangu huyu alikuwa anajua kila kona ya barabara."

Daktari alithibitisha walichokwisha kukiona: usahaulifu ule ungezidi tu. Wifi akazibua mashimo ya vyungu na kubadilisha udongo, lakini mizizi ilishaoza. Mume alipouliza, fundi akamwambia ukweli kwamba mimea imekufa. Akalia. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa, akalia vilevile, kama msiba umeingia sasa hivi.

Fundi hakuweza kumfikishia habari ile mara ya tatu. Siku hizi akiulizwa hujibu macho yakiwa kwenye mshono:

"Iko kwa dada yako, baba watoto. Inaendelea vizuri."

Mume hufurahi, husema siku moja waende wote kuitazama. Fundi huitikia kwamba watakwenda.