Birika la Salme

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi Salme binti Hamoud alikuwa mkali kuliko askari wa zamu. Hakuna aliyemgusa mgonjwa, awe daktari au mfagiaji, mpaka apake sabuni, anyooshe mikono juu ya beseni, na Salme ammiminie maji kwa birika kama mgeni aliyealikwa pilau. Habari ya wote kuchovya mikono kwenye beseni moja aliikataa katakata. Wenzake walimwita Mama Birika, naye jina hilo alilipenda, ingawa alijitia kununa.

Mwaka ule wa ukame, watu wakiwa bado wanahamia vijiji vya Ujamaa, mabomba ya mji wa Tabora yalitoa upepo tu. Maji ya hospitali yalichotwa kisimani kwa ndoo, na yakiisha ni kusubiri. Ndipo mama yake Salme, Bi Fakhria, akaletwa kutoka mtaa wa Isevya, akapasuliwa tumbo, akalazwa humo humo.

Alipofumbua macho alimwona Salme akimfunga kidonda Jilala, mkulima wa Bukene, ambaye mguu wake ulikuwa umeoza hadi unanuka. Bi Fakhria akautoa mkono nje ya shuka. Katika ukoo wao mtoto hamsalimu mama kwa mdomo mtupu. Huubusu mkono wake, hata kama jana waligombana. Salme alikuja mbio, akafika kitandani, akasita. Birika lilikuwa tupu.

“Shikamoo, mama. Nisubiri maji yaje.”

Bi Fakhria aliurudisha mkono ndani ya shuka, akageukia ukutani. Shemeji yake Darwesh alipokuja kumjulia hali, Bi Fakhria alimwambia kuwa usomi umemlevya Salme mpaka anamwona mama yake mchafu, na kwamba mkono huo hataubusu tena, labda siku ya kuiosha maiti ya mama yake. Maneno yalimfikia Salme, yakamchoma. Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Aliendelea kumlisha uji na kumbadilishia shuka, na mama hakumwitikia hata salamu.

Lakini mgonjwa kazi yake ni kutazama. Siku moja Bi Fakhria alimwona mwanawe akitoka kwa Jilala kuja kwake, akakuta ndoo kavu, akasimama katikati ya chumba, mikono ameiinua kama mwomba dua. Machozi yalimtoka Salme, na hakuthubutu kuyafuta. Bi Fakhria akautazama mguu wa Jilala, kisha akalipapasa tumbo lake, ambalo kidonda chake kilikuwa kinafunga vizuri.

Siku ya kuruhusiwa, Darwesh akimsubiri nje, Bi Fakhria alijikongoja hadi kwenye beseni, akalishika birika. Wauguzi walitazamana. Lini mama alimnawisha mtoto aliye mtu mzima?

“Lete mikono, mwanangu.”

Alimimina mpaka povu likaisha. Kisha akataka amiminiwe naye, akanawa, ndipo akampa mkono wa kulia. Salme akaubusu, wala hakuwa na haraka ya kuuachia.