Nailoni ya Kiti cha Mbele

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Viti alishona viti vya magari ya watu, na yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani nzito na sponji zilizopangwa hadi darini. Akipitisha kiganja juu ya kiti, alijua mwenye gari anaegemea upande gani, kama anabeba watoto au magunia, na kama anagombana na mkewe, maana wanaogombana hukaa wamejibana mlangoni. Zamani habari hizo alikuwa akimpelekea mkewe jioni, wakacheka mpaka chai ikapoa. Mke alipofariki, akawa anaiambia cherehani, na cherehani haina shukrani.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi mji mwingine. Siku moja aliteleza ulimi kwenye simu: "Ningekuja, Baba, ila kutoka stendi mpaka huko kwako ni safari nyingine, na mabegi haya." Pengine alisema ili kupitisha maneno tu. Mzee aliyashika kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye yadi ya magari.

Muuzaji alifungua boneti, Fundi akafungua mlango wa nyuma na kukaa.

"Mzee, injini iko huku," muuzaji akamwambia.

"Injini haitabeba mwanangu. Kiti ndicho kitakachombeba."

Gari la kwanza lilikuwa kubwa, la kumkausha mtu kwa mafuta. La pili bei yake ilivutia, lakini alipoinua zulia akanusa maji yaliyolala. La tatu lilikuwa dogo la kijivu, milango minne, buti la kutosha, injini ya kunusa mafuta tu, na vipuri vyake unavipata hata kwenye duka la uchochoroni. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea vibaya. Vingine vyote vilikuwa vipya.

"Hapo umeokota dhahabu," muuzaji akasema. "Viti hivi havijawahi kukaliwa."

Fundi akapitisha kiganja juu ya kiti cha pembeni ya dereva. Mtu alikuwa ameendesha gari hili miaka nenda rudi bila mtu wa kumwambia "angalia shimo". Alitaka kuliacha. Lakini akiba yake ilitosha gari hilo hilo, basi akalichukua, huku akijiapiza kwamba kwake halitakuwa hivyo.

Alijifunza kuendesha, kisha akavivua viti vyote na kuvishona upya kwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Kile cha mbele, pembeni ya dereva, alikiongezea sponji na kukipiga mshono mara mbili. Alipomaliza akakifunika nailoni kisichafuke, akaikaza kwa kamba chini.

Jirani muuza mitumba aliomba lifti, Fundi akamfungulia nyuma.

"Mbele kuna nani, Fundi?"

"Kuna mwenyewe."

"Umepata mchumba na hutuambii?"

Fundi alicheka, lakini hakumpisha mbele. Wengine nao walipandishwa nyuma, kila mmoja akijiona amepanda teksi, na taratibu wakaacha kuomba. Mzee akabaki anazunguka peke yake, nailoni ikikwaruza kila alipopita kwenye tuta.

Binti alikuja baada ya miezi kumi na moja, kwa siku mbili. Stendini Fundi alishindwa hata kupaki sawasawa, na mlinzi akamfokea kwamba teksi zinasimama upande ule. Binti alimkumbatia, akafungua mlango wa mbele, akaiona nailoni. Akaufunga polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, akapanda nyuma.

Neno moja lingetosha: ing'oe. Badala yake akawasha gari. Mwaka mzima alikuwa amekitunzia kiti hicho mtu, na utunzaji wenyewe ndio uliomfukuza.

"Gari zuri, Baba," binti alisema, macho kwenye simu. Kabla hawajafika alikuwa amelala. Fundi alimtazama kwenye kioo njia nzima na kuumia.

Siku mbili zikaisha mbio. Asubuhi ya kuondoka, binti akiwa bado anaoga, Fundi alichukua mkasi wake wa kazi akaikata nailoni yote. Halafu akabeba mabegi na kuyajaza kiti cha nyuma.

"Kwa nini usiweke kwenye buti?"

"Buti halifungi," alidanganya, wala hakupepesa macho.

Binti akakaa mbele. Akajisogeza, akakibonyeza kiti kwa kiganja, mkono wa baba yake kabisa.

"Hiki kigumu. Hakijakaliwa?"

"Bado."

"Mwaka mzima huu?"

"Nilikuwekea wewe."

Binti akafunga mkanda, gari likaondoka. Mbele kidogo akasema, "Angalia shimo, Baba," na sauti ilikuwa ya mama yake, hata Fundi akasahau kulikwepa. Walicheka wote wawili.

"Kuna njia ya kuzunguka kule sokoni," binti akasema. "Saa ya basi bado haijafika. Pita huko."

Alipita huko, na kote huko alisimulia habari za viti na wenye viti, habari za miaka mitatu, tangu mkewe afariki.

Aliporudi peke yake alilisimamisha gari mbele ya karakana. Kitambaa cha kiti cha mbele kilikuwa na mikunjo minne, pale alipokuwa amekaa mwanawe. Mikunjo ya namna hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Mteja akiiona hulalamika, na fundi huipiga pasi ya mvuke ikanyooka. Mkono wake ulishakwenda kuinyoosha. Akaurudisha, akafunga mlango taratibu ili kiti kisitikisike.