Kadi ya Njano Sebuleni

Kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa refa wa Jumamosi. Si wa uwanjani, wa sebuleni. Tulikuwa wanaume saba, Watanzania watupu, tukikutana Brampton, Kanada, kwa mwenyeji wetu saa nne asubuhi kuangalia mpira wa Ulaya. Sheria ilikuwa moja: ukitukana unapewa kadi ya njano, na Jumamosi inayofuata unawapikia wenzako supu na chapati. Kadi niliikata mwenyewe kwenye boksi la ghala ninakofanya kazi.

Tusi la mama lilikuwa na kadi. La dini, la kabila, kadi. Neno la kuwatukana mashoga halikuwa na kadi, na mimi, ambaye linanihusu, nililiacha lipite. Niliogopa. Chumba changu kiko chini ya nyumba ya watu, dirisha linatazama matairi, na kuanzia Jumapili hadi Ijumaa hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Wale sita ndio walikuwa watu wangu wote.

Jumamosi moja habari ilikuwa ya mchezaji aliyefungiwa mechi kadhaa kwa kumrushia mpinzani neno hilohilo.

"Mechi zote hizo kwa neno tu?" mwenyeji akafoka. "Wazungu wamezidi. Angemvunja mguu wangemfungia chache." Kisha akamwita yule aliyelalamika kwa jina lile lile, na wenzake wakacheka.

Nilijikuta nimesimama, kadi iko juu.

"Refa, tangu lini hilo nalo tusi?" mwenyeji akauliza.

"Tangu leo."

"Sasa wewe linakuuma nini?"

Ningeweza kutania. Mdomo ninao, Mungu kanijalia. Lakini nilichoka ghafla, uchovu wa miaka, nikasema, "Linaniuma kwa sababu mtu huyo ni mimi."

Mwenyeji akachukua rimoti, akaongeza sauti.

"Sawa, refa," akasema bila kunitazama. "Nitapika."

Nilirudi kwangu na furaha ya kijinga. Nilidhani yamekwisha, na kwamba nimebaki nao.

Ijumaa nikapata ujumbe wake: watoto wana homa, kesho hatukutani. Mtu wa kwetu akisikia homa hakai. Mgonjwa hujuliwa hali. Asubuhi nikanunua machungwa, nikaenda.

Magari matano yalikuwa yamepangana mbele ya nyumba, na yote niliyajua. Pale pale ningegeuza gari. Labda nilitaka kukosea, labda nilitaka tu kuwasikia, nikabonyeza kengele. Mke wa mwenyeji akafungua, harufu ya supu ikamtangulia, na nyuma yake watu wakapiga kelele za goli.

"Shemeji! Mbona nimeambiwa leo una zamu?"

"Nimekuja kuwaona watoto. Homa imeshuka?"

"Homa gani?"

Mmoja wa hao watoto akapita mbio na chapati mkononi. Mama yake akayatazama machungwa, akanitazama mimi, uso ukamshuka. Iliniuma kuliko lile neno. Lakini yeye hakunikosea chochote, na sikutaka aumbuke mlangoni kwake kwa sababu yangu.

"Nimechanganya, shemeji," nikasema. "Zamu ninayo kweli, ndiyo naiwahi. Haya wape watoto."

Akayapokea kwa mikono miwili. Nikarudi kwenye gari, nikakaa bila kuliwasha. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu.