Majigambo ya Tonton Déo

Redio-kaseti yetu ilikuwa na harufu yake. Ikiwaka zaidi ya nusu saa, ilianza kunuka vumbi linaloungua polepole, na mimi, mtoto wa miaka kumi, niliipenda harufu hiyo kuliko ya keki. Tulikaa ghorofa ya nne huko Evere, mjini Brussels, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilisahau kwenda kwao. Papa alikuwa mwana wa mwami, yaani mtemi wa milima ya kwetu Kivu, na kila alfajiri alipanda basi kwenda kupiga deki kwenye maghorofa ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alisema damu ya kimwami haichujuki kwa maji ya deki. Mama yake, nyanya yangu tuliyemwita Koko, aliletwa kwetu vita vilipopanda milima ile. Alishinda kwenye kochi na kitenge chake na soksi mbili mbili za sufu, mgongo wima, kana kwamba bado yuko barazani kwa mwami na wageni wanaingia.

Kule nyuma alimwacha kitindamimba wake, ami yangu Tonton Déo, mwenye miaka ishirini na miwili. Tonton alikuwa mtu wa vitabu; shuleni alifahamika kwa mashairi ya kuwatania walimu. Hata hivyo alishika bunduki pamoja na vijana waliolinda vijiji vya mlimani, kwa kuwa mwana wa mwami hakimbii ilhali watu wake wamebaki. Ukoo wetu una desturi: kijana wa nyumba hiyo akienda vitani hutunga majigambo, maneno ya kujisifu mwenyewe, akayasema mbele ya watu. Siku moja kwenye simu nilimwuliza atajisifu kwa lipi, naye akacheka tu. Miezi miwili baadaye padri mmoja aliyekuwa safarini akatuletea kaseti yenye jina langu. Tonton alikuwa ametunga kwa Kiswahili, tena cha vitabuni, kwa sababu lugha ya mlimani mimi sikuijua:

*Mimi ndimi Mvuka-kabla, nisiyeuliza mto kina chake.*
*Walionivizia ng'ambo wamezeeka wakisubiri,*
*nimepita zamani, nimewaachia nyayo wazihesabu.*
*Mkuki wangu una haya:*
*ukimwona mama wa mtu, unainama.*

Yalikuwa mengi kuliko hayo, kama dakika tano hivi. Nyumba nzima iliyasikiliza mara moja, Koko akatikisa kichwa kwa fahari, kisha kaseti ikawa yangu. Jumatano mchana shule za Ubelgiji hufungwa, na Maman, mama yangu, alikuwa akimpeleka Koko kwenye kikundi cha sala. Hapo sebule ikawa ufalme wangu. Nilishika mpini wa ufagio, nikasimama juu ya zulia, nikajigamba pamoja na Tonton hadi nikawa simhitaji tena anikumbushe. Jumatano moja nikataka kusikia sauti yangu inafananaje. Nilidhani sehemu ya mwisho ya kaseti ni tupu, nami ningejirekodi hapo, lakini nilikuwa nimeirudisha mwanzo bila kufikiri. Nilibonyeza vitufe viwili vya kurekodi, nikajigamba kwa mbwembwe zote, na nilipokwenda kusikiliza, Tonton hakuwapo. Palikuwa na mimi tu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Niliirudisha kaseti kwenye kabati nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa sijui kwamba kifo chenyewe kiko njiani.

Simu ilipigwa kutoka Bukavu siku ya Jumanne. Tonton alikuwa ameuawa kwa risasi asubuhi ile, akiwasindikiza akina mama waliokuwa wakienda shambani. Watu wakaanza kujaa kwetu, Wakongo wa Ixelles na wa Evere, na viti vya kuazima, na sufuria za sombe, kisamvu cha kwetu, zilizomfanya jirani wa chini afungue madirisha yake kwa hasira. Koko hakulia. Alikunywa maji ya moto yenye sukari, basi. Kwetu mama wa aliyeanguka vitani hatafuni kitu wala hatoi machozi mpaka majigambo ya mwanawe yasemwe ndani ya nyumba; hapo ndipo marehemu hupata ruhusa ya kwenda. Papa aliamua yangoje Jumamosi, ndugu wa mbali wawe wamefika. Siku hiyo midomo ya Koko ilikuwa imepasuka, na Maman alikuwa akinong'ona habari za kumwita daktari. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni nikiomba Mungu aharibu umeme wa mtaa mzima. Niliamini kabisa kwamba nyanya yangu atakufa, na kwamba nitakuwa nimemwua mimi.

Mchana ule Papa alisimama, akakohoa. "Bon," alisema, "kaseti iko. Donc tutamusikia Déo mwenyewe, na sauti yake." Papa aliondoka mlimani angali mdogo kwenda kusoma kwa mapadri, desturi hakuzijua vizuri, na aliona hiyo ndiyo heshima kubwa kupita zote. Akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba ya msichana, yenye r za Kifaransa, na kwa mbali mbwa wa jirani akibweka: *Mimi ndimi Mvuka-kabla.* Papa alinitafuta kwa macho hadi akanipata.

"Ni nini hii?"

"Nilifuta, Papa. Sikufanya exprès, sikukusudia."

Nilisubiri kofi. Badala yake nilimsikia Koko, ambaye tangu Jumanne hakuwa amesema maneno matatu yakafuatana. "Zima ile chombo," alimwambia Papa. Kisha akanigeukia. "Wewe, kuja hapa. Simama. Sema yote, na kinywa yako."

Mzee mmoja akauliza taratibu kama ni sawa, mutoto mwanamuke kuyasema. "Ni damu," Koko akajibu, na mzee akatazama viatu vyake. Nikasema. Nikayamwaga yote, na nilipofika kwenye mkuki wenye haya Koko akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na nyumba nzima ikalia naye. Nilipomaliza alinivuta mapajani mwake, mimi mtoto mrefu wa miaka kumi, akamwambia Papa, "Mutu akishakufa hajisifu tena. Watu wake ndio wanamusifu. Niliogopa ile sauti, mutoto wangu. Ingenifungia Déo humu ndani. Lakini nyumba ni yako, ningekatala namna gani?" Papa, mtu mzima, akapiga magoti mbele ya soksi za mama yake, akaomba msamaha. Koko akapangusa pua. "Alors," akasema, "munipatie mukate. Na chai ya maziwa." Akala vipande vinne, nikivihesabu kimoja kimoja, na kila alipotafuna ule mzigo ulishuka kifuani mwangu. Sijawahi tena kuona raha ya namna ile.

Sasa nawahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea hapa Brussels, na karibu kila mwenzangu kazini anamtunza marehemu wake ndani ya simu. Mmoja husikiliza ujumbe wa mama yake wakati wa mapumziko, halafu anarudi kazini macho mekundu. Siku hizi hakuna kinachofutika. Enzi zile kidole cha mtoto kilitosha kumfuta mtu, na ni kweli nimempoteza: nikijaribu kuikumbuka sauti ya Tonton Déo nasikia yangu. Zipo siku hilo linaniuma. Lakini aliishi miaka ishirini na miwili tu, na watoto wangu, waliozaliwa miaka mingi baada yake, wanayajua majigambo yake yote kwa moyo, kila mmoja kwa sauti yake.