Masizi ya Chungu cha Bibi

Harufu ya mbaazi zilizoshika chini kidogo hunirudisha Kibiti hata niwe wapi. Za kwenye chungu lakini, si za sufuria. Anayebisha hajawahi kuzila.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya barabarani yalijaa ndoo na mabeseni ya plastiki ya kila rangi, na sisi Wamatumbi, watu wa kuja kutoka vilimani, tukawa tunatupa vinu na vyungu kana kwamba vimetukosea. Bibi yangu mzaa baba akachoka kuyaona hayo. Aliwakusanya wanawake wenzake, wakaomba ghala la ushirika lililobaki tupu, wakalifanya nyumba ya vitu vya wazee wetu. Kila ukoo ulileta kitu kilichotoka milimani. Yeye alileta chungu alichojitwika mama yake waliposhuka kuja huku.

Chungu kile kilikuwa na mwiko mmoja: ndani kilioshwa, nje hakikusuguliwa. Masizi yake yalianza kwenye moto wa kule kwao, uliokokwa na mama yake. Sisi tuliozaliwa pale tulijua. Mama mdogo, mke mpya wa baba mdogo, aliyeolewa kutoka Maparoni huko deltani, hakujua.

Asubuhi ya kufungua nyumba, wageni wa wilayani wakitarajiwa, alikibeba hadi kisimani akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikawa chekundu. Akakileta anatabasamu. Bibi alikaa chini. Alilia bila sauti, kidole kikipapasa ubavu wa chungu kutafuta weusi. Nilimhurumia sana.

Mama mdogo alipoelezwa, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilitaka wageni wasitucheke."

Wanawake wakanong'ona kwamba chungu kisiwekwe tena, kwa kuwa sasa hakina tofauti na cha gulioni. Bibi akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Leteni mafiga. Moto utakokwa na mkwe wangu."

Basi Mama mdogo akakoka moto mbele ya ghala, akabandika chungu na mbaazi ndani, wageni wakitazama. Mbaazi zikashika kidogo kwa vile aliuchochea moto kupita kiasi, na wakubwa wa wilaya wakala wakaramba vidole. Kisha Bibi akakirudisha chungu ndani, kimeshaanza kuwa cheusi, anatembea kifua mbele. Mimi nyuma yake, naringa kuliko yeye.

Tangu hapo, kila mwaka chungu hutolewa, na aliyeolewa karibuni katika ukoo ndiye anayekoka moto.

Utotoni nilidhani Bibi alikuwa anamfariji mkwewe tu. Ukubwani ndipo nilipoambiwa kwamba hata mama yake, siku alipoukoka ule moto wa kwanza, alikuwa bibi harusi, mgeni katika jiko la watu. Bibi alilijua hilo alipokuwa akijifuta uso.

Mwaka jana alikoka mke wa mwanangu, binti wa Usukumani, machozi ya moshi yanamtoka, naye anacheka. Watalii huuliza masizi yale ni ya nani. Mimi huwaambia ni ya wake zetu wote.