Mzee Aliyemsifu Mbwa Wangu

Usiniamini ukitaka, lakini daftari ninalo. Kila Alhamisi niliandika saa ya kuingia, vyumba tulivyotembelea na saa ya kutoka. Alhamisi ile ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini, imeandikwa kwa mkono wangu: chumba namba kumi na nne, dakika sita.

Nilikuwa nikijitolea katika nyumba moja ya wazee huko Stanmore, London, mimi na mbwa wangu, Andazi. Jina lilitokana na rangi yake. Kazi yenyewe rahisi: tunaingia, Andazi anaweka kichwa magotini pa mgonjwa, anapapaswa, tunaaga. Watanzania wenzangu wa Barking walinicheka. "Yaani umemtafutia mbwa kazi, na mjomba wako bado anahangaika?" Cheka na wewe. Lakini niliishi peke yangu, na yule mbwa ndiye pekee aliyekuwa akinisubiri nyumbani.

Sheria ilikuwa moja: usiingie chumba kisichokuwamo kwenye orodha ya mapokezi. Namba kumi na nne haikuwamo.

Ilikuwa saa kumi jioni, nje giza limeshaingia, kama ilivyo London wakati wa baridi. Tulipopita pale mlangoni nikasikia, "Mwanangu, unapita bila hodi?"

Kiswahili safi, cha Tanga. Wewe ungefanyaje? Miezi mingapi nilikuwa sijaitwa mwanangu! Nikapiga hodi, nikaingia, nikamwamkia.

"Marahaba," akaitika. Mzee mwembamba, amekaa kwenye kiti cha dirishani, taa hajawasha. Andazi, ambaye hakuwahi kuvuta kamba, alinivuta mpaka miguuni pake.

"Una mbwa mzuri," alisema. "Mtulivu. Mimi huku sina hata wa kunipumulia."

Nikajibu kama nilivyolelewa. Kwetu mtu mzima akisifu kitu chako, unamkaribisha. Nikasema, "Ni wako, mzee."

Sasa, anayesifu naye ana zamu yake. Anacheka, anasema la, kaa nacho mwanangu, na mambo yanaishia hapo. Mzee yule hakucheka.

"Nimepokea," alisema.

Akampapasa tena kichwani. Niamini, nilitazama vizuri: mkono ulipita, lakini manyoya hayakulala.

Nilimburuta Andazi hadi mapokezi. Alikuwapo Mama Furaha, mfanyakazi kutoka Bukavu. Aliposoma daftari langu akakunja uso. "Papa, mule hamuna mutu. Ule muzee alikufa juzi. Na kitanda tulishaondoa."

Usiku ule nilimwita Andazi ale. Hakugeuka. Alikuwa amelala akiutazama mlango, mkia ukipigapiga sakafu, taratibu, kama anayepapaswa. Siku tatu hakugusa chakula kutoka mkononi mwangu. Nikikiweka chini na kuondoka, anakula. Daktari wa mifugo alimpima akasema mzima kabisa.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kuomba changu. Chumba kilikuwa kimepata mtu mpya, bibi wa Kiingereza aliyezaliwa na kuzeekea Kingsbury, mtaa wa jirani, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa kitandani. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Nikamwomba radhi bibi, kisha nikakigeukia kiti, nikasema kwa Kiswahili, "Mzee, nisamehe. Nilisema kwa adabu tu. Naomba mbwa wangu."

Bibi alikitazama kile kiti kwa muda, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza. Halafu akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole, "Pole, mpenzi. Huyu bwana anasema ulishampa."

Sikukanyaga tena pale. Andazi aliishi miaka miwili zaidi nyumbani kwangu, lakini hakuishi na mimi. Kila Alhamisi saa kumi aliketi mlangoni, amenipa mgongo. Siku aliyokufa ilikuwa Alhamisi. Alisimama, akatikisa mkia, akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, akalala.

Baadaye nilioa, nikapata binti. Barking wanasema nimekuwa mchoyo. Ukisifu shati langu nasema asante, basi. Waache waseme. Mwaka binti yangu alipotimiza miaka mitano tulikwenda harusini, tukakaa meza ya nyuma karibu na mlango. Mzee mwembamba nisiyemfahamu aliinama kwetu.

"Una binti mzuri," alisema, kwa lafudhi ya Tanga. "Mtulivu."

Ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikauuma. Nikamshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka akalia, nikasema kwa sauti iliyogeuza watu wa meza nzima, "Ni wangu."

Mzee alinitazama, akatabasamu kidogo, akaondoka. Wenye harusi niliwauliza mmoja mmoja, na hakuna aliyemjua.

Wewe unayesoma, adabu uliyofundishwa ni njema, ishike. Ila usiyemjua akisifu unachokipenda, shukuru, kisha funga mdomo.