Kamba ya Matano na Aliyeishika

Mmenichosha. Kila apitaye barazani anataka nimwandikie habari za Matano mpanda majabali, na kalamu yangu mnaijua inavyokokota mguu. Basi naandika mara moja tu. Atakayesema haikuwa hivyo, aje aseme mbele yangu.

Matano alikufa kisiwani Juani, mwaka mmoja kabla Wadachi hawajahamisha boma lao kutoka Chole. Miaka ishirini aliyaparamia majabali ya upande wa bahari kuu, kule nyuki wanakojificha matunduni, akatoa asali ambayo hata Waarabu wa Kirongwe walituma watu kuifuata. Jabali halikumweza. Homa ya siku tatu ndiyo iliyomweza, juu ya kitanda kisichofika goti.

Asubuhi ya maziko wanaume walijaa uani, kila mmoja na sifa yake ya kumpa marehemu. Shamte, mdogo wake Matano, akawazidi wote kwa sauti.

"Kaka yangu alishuka jabalini peke yake! Yeye na Mungu wake! Hakushikwa na mtu!"

Kizingitini alikuwa ameketi Biubwa, binti wa mjomba wake Matano, amekalia kamba iliyokunjwa. Aliposikia "hakushikwa na mtu" aliacha kulia, akafuta pua kwa ncha ya kanga.

Kamba ile aliitengeneza yeye. Aliyafukia makumbi ya nazi matopeni, akayafukua yalipooza, akayatwanga, akasokota mpaka viganja vikaota sugu. Tena miaka yote hiyo ndiye aliyekaa juu ya jabali, kamba ameizungusha kisikini na kiunoni mwake, akimteremsha Matano na kumpandisha. Shamte alijua vizuri, maana yeye alikuwa chini na ngalawa, akipokea vibuyu vya asali. Lakini kijijini walisema kamba ilifungwa mtini, basi.

Siku moja Matano alijitia mcheshi mbele za watu, akasema kamba ya Biubwa ni ya kufungia kuku. Biubwa akacheka pamoja na wenziwe. Kesho yake akamteremsha mpaka katikati ya jabali, akaikaza kamba kisikini, akatoa muhogo wake wa kuchoma, akaanza kula.

"Biubwa! Vuta! Nyuki wamenijia!"

"Hii kamba ni ya kufungia nini, binamu?"

"Nitoe hapa, mwanamke we!"

"Sisikii. Upepo."

Muhogo wa kwanza ukaisha. Alipoumenya wa pili, Matano akalia kwa sauti nyembamba: "Wallahi nitasema mbele za watu! Nitasema ni wewe unayenishika!"

"Lini?"

"Kabla sijafa!"

Kule chini Shamte alicheka nusura apindue ngalawa.

Matano akapandishwa, uso umevimba kama andazi, na hakusema kitu. Si siku ile, si mwaka ule. Kila akikumbushwa hujibu, "Kwani nakufa leo?" Sasa amekufa. Na akishatolewa mlangoni, yamekwisha. Makaburini wanawake hawaendi, na huko nani angelitaja jina la Biubwa?

Wanaume wakainua jeneza la kijiji waliingize ndani. Likalia kwaa! Kamba zake zilikuwa zimeoza, upande mmoja ukafumuka. Wakatazamana. Kisha macho yote yakateremka kizingitini.

"Bi Biubwa, lete hiyo," akasema Shamte.

"Hii? Ya kufungia kuku?"

"Si wakati wa utani huu."

"Ndio wakati wake hasa."

Na kweli. Kwetu binamu ni mtani, na mtani msibani huziba mlango, humwiga marehemu, wala hakuna wa kumnunia. Biubwa akanyoosha miguu, mlango wote ukawa wake.

Mwalimu Abeid, aliyekuja kumsalia maiti, akasogea. "Mama, maiti hacheleweshwi."

"Aliapa kwa Mungu, mwalimu. Unataka aende na kiapo kinaning'inia? Shamte alikisikia. Na aseme."

Shamte akakohoa. "Alikuwa... akisaidiwa kidogo."

"Kidogo!" Biubwa akainuka, akajishika kiuno, akapepesuka kama mtu aliye hewani, akapiga yowe kwa sauti ya Matano mwenyewe: "Vuta! Nyuki wamenijia!"

Chumbani, Somoe mjane akapasua kicheko, akakiziba kwa mto.

Jasho likamtoka Shamte. "Biubwa binti Kombo ndiye aliyemshika! Miaka ishirini! Haya, umeridhika?"

"Wale wa kule nyuma hawakusikia."

Akarudia, safari hii mpaka kuku wakaruka uani.

Biubwa hakumpa mtu kamba. Aliliendea jeneza mwenyewe, akalifunga kwa fundo lake lile lile la jabalini, akalivuta mara mbili kulijaribu.

"Leo namshika mara ya mwisho," akasema, "na leo hapigi kelele."

Akafuta pua tena kwa ncha ya kanga, akawakaripia wabebaji. "Inueni sawasawa, nyie! Na kamba yangu irudi!"

Ikarudi kabla ya alasiri.

Haya, nimeandika. Sasa wewe uliyesoma usikae tu umekunja miguu. Simama hapo ulipo, uite kwa sauti: Biubwa binti Kombo, mshika kamba. Usimung'unye. Na wa kule nyuma wasiposikia, rudia.